Injini Kali, Gari Dogo: Kazi Inaanzia Kwenye Breki

Kwa asiyefuatilia mambo ya magari, Toyota Starlet ni Starlet tu: kigari kifupi kilicholetwa mtumba kutoka Japani, kinachonusa mafuta, na ambacho spea zake hazikosekani Kariakoo jijini Dar es Salaam wala Kirinyaga Road jijini Nairobi. Kwa miaka mingi limekuwa gari la kwanza la walimu, manesi na vijana waliopata ajira karibuni. Lakini hutokea siku, kwenye mlima mrefu, Starlet moja iliyopauka rangi ikalipita gari kubwa kama vile limesimama, na dereva wa gari kubwa akabaki anajiuliza chini ya boneti ile kuna nini.

Mara nyingi jibu ni injini iitwayo 4E-FTE.

Jina linatisha, ila habari yake ni nyepesi. Toyota ilikuwa na ukoo wa injini ndogo uliopewa herufi E. Starlet za kawaida za matoleo mawili ya mwisho, zile ambazo mafundi huziita EP82 na EP91, nyingi zilikuja na 4E-FE ya cc 1331. Kutegemea mwaka wa kutengenezwa na nchi iliyouziwa, injini hiyo ilitoa nguvu za farasi kati ya 75 na 100. Ndugu yake, 4E-FTE, ana ujazo uleule wa cc 1331, pistoni za kipenyo kilekile cha milimita 74 na mwendo uleule wa milimita 77.4 kwenda juu na kushuka. Kinachowatenganisha zaidi ni turbo. Kwa turbo hiyo ndugu huyu anafikisha farasi 135, na Toyota yenyewe ndiyo iliyomfunga kiwandani kwenye Starlet GT Turbo, kisha kwenye Glanza V, mpaka Starlet ilipoachwa kutengenezwa mwaka 1999 na Vitz kuchukua nafasi yake. (Starlet mpya zinazouzwa leo katika maduka ya magari Afrika ni gari jingine kabisa, lililotokana na Suzuki Baleno.)

Farasi 135 kwenye basi ni kitu kidogo. Kwenye kigari kisichofika tani moja, ni nguvu ya kumgandisha abiria kwenye kiti. Ndiyo maana Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine wapo wenye Starlet waliokusanya akiba, wakaagiza injini hiyo na kuipeleka kwa fundi, gari lenyewe likiwa bado na rangi yake ya zamani na viti vyake vya kitambaa.

Turbo hufanya kazi kwa kutumia kile ambacho gari la kawaida hukitupa. Moshi unaotoka kwenye silinda kuelekea eksozi una joto na kasi. Badala ya kuachwa uende zake, unapitishwa kwenye feni ndogo ya chuma na kuizungusha maelfu kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika. Feni hiyo imeunganishwa kwa mhimili mmoja na feni ya pili iliyo upande wa hewa safi, nayo huisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa kwa kila mzunguko. Kwa kuwa hewa iliyobanwa hupata joto, hupozwa kwanza kwenye kirejeta maalumu. Kwenye GT Turbo na Glanza V kirejeta hicho kimekaa juu ya injini, na ndicho kilicholeta lile tundu la hewa kwenye boneti ambalo wengi hudhani ni pambo.

Wazo la kutia injini kali kwenye gari dogo ni la zamani kuliko vijana wote wanaolifanya sasa. Mwaka 1959 kampuni ya BMC ya Uingereza ilitoa Mini, gari la urefu wa mita tatu na kidogo lililosanifiwa na Alec Issigonis ili familia ya kawaida iweze kulimudu. Injini yake ilikuwa ya cc 848, farasi 34. John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano, aliliendesha, akaona namna lilivyoshika barabara kwenye kona, akaamua kwamba lina haki ya kupewa nguvu zaidi. Mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper ya cc 997 na farasi 55. Miaka mitatu baadaye, Januari 1964, Paddy Hopkirk na msoma ramani wake Henry Liddon walishinda mbio za Monte Carlo kwa Mini Cooper S ya cc 1071, wakiyaacha magari yenye injini kubwa mara kadhaa. Mini ilirudi kushinda mbio hizo mwaka 1965 na 1967.

Wanaosimulia habari hiyo hutaja farasi na vikombe. Kuna jambo jingine ambalo lingepaswa kutajwa kwanza: Mini Cooper ya 1961 ilipopewa injini mpya, ilipewa pia breki za diski magurudumu ya mbele, wakati Mini ya kawaida ilikuwa na breki za ngoma pande zote. Cooper alijua kwamba gari likiongezewa mwendo bila kuongezewa uwezo wa kusimama, limeharibiwa. Ukweli huo haujabadilika tangu siku hiyo, na ndio unaopuuzwa zaidi katika gereji zetu.

Hesabu yake ni ya shule. Nishati ya mwendo ambayo breki inapaswa kuigeuza kuwa joto haipandi sawasawa na kasi. Hupanda kulingana na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Gari lililokuwa likisimama kutoka kilomita 80 kwa saa, likianza kusimamishwa kutoka 120, breki zinabeba mzigo wa mara mbili na robo, ingawa kasi imeongezeka kwa nusu tu. Diski nyembamba ya Starlet ya kawaida hupata joto haraka. Ikizidi kuchemka, brekipedi huteleza badala ya kushika, na ikiwa oili ya breki ni ya zamani na imenyonya unyevu, inaweza kuchemka ndani ya mirija. Hapo dereva anakanyaga pedali na inazama hadi chini. Mteremko wa Kitonga au ule wa kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu si mahali pa kuligundua hilo.

GT Turbo ilitoka kiwandani na diski za mbele zenye nafasi katikati ya kupitisha hewa, kalipa zake, springi ngumu zaidi na shokapu zinazolingana nazo. Anayenunua injini peke yake anakuwa amenunua nusu ya gari hilo na kuiacha nusu nyingine Japani. Kwa sababu hiyo mafundi wenye uzoefu humshauri mteja atafute nosikati, yaani sehemu nzima ya mbele iliyokatwa kutoka kwenye gari la mtumba, kuliko injini tupu iliyofungwa kwenye nailoni. Nosikati huja na injini, giaboksi, kontrol boksi, mkanda mzima wa nyaya, rejeta, draivu shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, na mara nyingi breki za mbele pia. Bei yake iko juu na wengi huona uchungu kuilipa. Lakini kila kipande kinachokosekana kitatafutwa baadaye, kimoja kimoja, kwa bei ya mwenye duka, huku gari likiwa limeinuliwa juu ya matofali.

Kabla ya fedha kutoka mfukoni, injini yenyewe ikaguliwe. Hakuna 4E-FTE yenye umri mdogo. Ya mwisho kabisa ilitengenezwa zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita. Fundi anayejua kazi hufungua kifuniko cha oili na kutazama upande wake wa ndani. Ute wenye rangi ya maziwa maana yake maji na oili vimekutana, pengine gasketi ya silinda hedi imekwisha. Hutoa plagi zote nne akazipanga kwa mfuatano. Plagi ya kahawia iliyopauka ni nzuri; iliyolowa oili nyeusi inaonyesha pistoni ringi au sili za valvu zimechoka. Kisha hupima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Namba ya silinda moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya asilimia kumi hivi, hiyo ni injini ya kurudishiwa mwenyewe. Mwisho huushika mhimili wa turbo kwa vidole viwili na kuutikisa. Kucheza kidogo sana upande kwa upande kunavumilika. Feni zikigusa ukuta wa nyumba yake, turbo hiyo imekwisha.

Injini ikishakubalika, siku ya kushusha ile ya zamani huwa ya kelele na ya haraka kuliko watu wanavyofikiri. Betri inatolewa. Maji ya rejeta na oili vinamwagwa. Mirija ya petroli inafunguliwa baada ya kupunguza presha. Draivu shafti zinachomolewa, eksozi inatenganishwa, cheni bloku inafungwa kwenye nguzo ya chuma, au kwenye tawi la mwembe kwa gereji za chini ya mti, kisha bolti za mauntingi zinaachia na injini inaning'inia. Kwa kuwa 4E-FE na 4E-FTE ni ndugu, mpya huingia karibu bila kukata wala kuchomelea chuma. Wakati injini bado iko nje na inafikika pande zote, ndio wakati wa kubadilisha timingi belti, pampu ya maji, sili za kranki shafti na klachi. Kuziacha za zamani ili kubana matumizi ni kujitengenezea kazi ya kuishusha tena baada ya miezi michache.

Kazi ngumu inakuja baadaye, kwa fundi umeme.

Injini za miaka ile tayari ziliongozwa na kompyuta. Kontrol boksi husoma sensa: joto la maji, nafasi ya pedali ya mafuta, mzunguko wa injini, presha ya hewa inayoingia. Kutokana na taarifa hizo huamua nozeli zimwage petroli kiasi gani na plagi ziwake wakati gani. Sensa ya presha ya Starlet ya kawaida haikuundwa kupima hewa iliyosukumwa na turbo, kwa sababu kwenye injini isiyo na turbo presha hiyo haipo. Na kontrol boksi yake haina ndani ya kumbukumbu zake hesabu ya petroli kwa hali hiyo. Ukiiacha iendeshe 4E-FTE, turbo itajaza hewa, petroli itakuwa pungufu, joto ndani ya silinda litapanda, na pistoni itatoboka. Ndipo husikika ile sentensi inayovunja moyo: injini imenoki.

Kwa hiyo hutumika kontrol boksi ya 4E-FTE yenyewe, na nyaya zake huunganishwa na za gari la zamani moja baada ya nyingine, kwa mchoro, kwa kipima umeme, na kwa subira. Fundi mzuri huweka utepe wenye maandishi kwenye kila soketi kabla ya kuikata. Asiye mzuri hukata kwanza, kisha hubahatisha kwa kufuata rangi. Magari mengi yanayokaa kwenye gereji miezi mitatu baada ya injini kupanda yamekwama hapa.

Ipo pia njia ya mkato inayowashawishi wengi: kuinunua turbo peke yake na kuifunga kwenye 4E-FE iliyopo. Injini hiyo hubana mchanganyiko wa hewa na petroli hadi takriban sehemu moja ya tisa na nusu ya ujazo wake. Ile ya turbo ilishushwa hadi karibu moja ya nane, makusudi, ili hewa iliyokwisha kubanwa na turbo isije ikaripuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Mripuko huo wa kabla ya wakati hugonga pistoni kama nyundo. Petroli nayo ina sehemu yake. Gari hizi huko kwao zilinyweshwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani lazima iwe na okteni isiyopungua 96, wakati ile ya kawaida inaanzia 89. Anayeweka mafuta ya bei nafuu kutoka kwenye madumu ya kando ya barabara hana haki ya kumlaumu fundi.

Kwingineko duniani hadithi hii ina majina mengine. Afrika Kusini gari lake ni Toyota Tazz, lililotengenezwa Durban hadi mwaka 2006, na injini inayotamaniwa ni 4A-GE ya valvu ishirini, cc 1587, ambayo Toyota iliiuza nchini humo kwenye Corolla RSi. Injini hiyo haina turbo kabisa. Nguvu yake, farasi 160 kwa toleo la mwaka 1991 na 165 kwa lile la 1995 huko Japani, inatokana na valvu tano kwa kila silinda na mirija minne ya hewa, kila silinda na wake. Sauti yake ikipanda mizunguko huwafanya watu wasimame kando ya barabara.

Marekani ni Honda Civic. Civic za miaka ya 1992 hadi 1995 ziliuzwa kwa wingi, nyingine zikiwa na farasi 70 tu. Tangu mwaka 1989 Honda ilikuwa na B16A ya cc 1595, farasi 160, yenye utaratibu wa VTEC unaobadilisha ufunguaji wa valvu injini inapopanda mizunguko. Vijana wa California waligundua kwamba inaingia kwenye Civic kwa marekebisho machache. Baadaye walitamani K20A iliyoanza mwaka 2001, ila hiyo huzunguka upande mwingine na eksozi yake inatokea nyuma badala ya mbele, hivyo mauntingi za zamani hazifai. Kampuni ya Hasport ya Arizona ilijijengea jina kwa kuunda mauntingi za kupandikizia injini za Honda.

Inafaa kuitazama California kwa sababu nyingine. Huko injini inayopandikizwa lazima iwe ya mwaka sawa na gari au mpya zaidi, ije na vifaa vyake vyote vya kupunguza moshi, na gari lipelekwe kwa mkaguzi maalumu wa serikali. Likifaulu, linabandikwa lebo inayoonyesha injini iliyomo. Sheria hiyo haikuua burudani ya mtu. Imewafanya mafundi wafanye kazi ambayo wako tayari kuionyesha kwa mkaguzi.

Kwetu, kinachosahaulika zaidi ni karatasi. Kadi ya gari Tanzania, kama ilivyo logibuku Kenya, ina namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, namba hiyo haifanani tena na iliyogongwa kwenye bloku. Tanzania mabadiliko hayo ni ya kupeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, wenye rejista ya magari. Kenya ni ya NTSA, na gari hukaguliwa kwanza. Asiyefanya hivyo hana tatizo mpaka siku anayotaka kuliuza, au siku askari anapofungua boneti na kumtaka aeleze injini ilitoka wapi. Risiti ya aliyekuuzia na hati za forodha za nosikati ndizo zitakazomwonyesha askari kwamba si ya wizi, kwa hiyo zitunzwe pamoja na kadi.

Bima nayo isisahaulike. Kampuni ilipokuandikia bima kubwa ilipima hatari ya kigari cha farasi themanini. Ukigonga ukiwa na 135 na hukusema kitu, umeipa sababu ya kukataa kulipa, na sheria ya bima, inayomtaka mwenye gari aeleze kila jambo la msingi, itakuwa upande wake.

Je, inafaa? Kwa anayetaka tu gari lenye mbio zaidi, hapana: fedha itakayoishia kwenye nosikati, ufundi, breki, matairi na umeme mara nyingi inatosha kununua gari jingine lililotoka kiwandani na nguvu hiyo. Kwa anayeipenda Starlet yake, anayeijua kila bolti yake, na aliye na fundi anayemwamini, ni kazi yenye furaha kubwa na gari linalotokea laweza kudumu miaka mingi. Huyo afuate mpangilio huu: breki, shokapu na matairi kwanza, halafu rejeta na klachi, na injini iwe ya mwisho kupanda. Likishawaka, safari yake ya kwanza iwe ya kwenda kukaguliwa na kuandikishwa upya, kabla hajampakia mtu mwingine yeyote.